Ghubra ya Juu

Kuna Ghubra mbili. Wajukuu zangu wanaijua moja tu, hii ya pwani yenye maduka na skuli, na nikiwaambia iko nyengine huko juu milimani wananiambia, "Bibi, umechanganya." Sikuchanganya. Aliyechanganya ni mume wangu, mwishoni mwa mwaka sitini na saba, na kwa kuchanganya kwake ndiyo nikafika mahali ambapo, lau ningelijua ni wapi, nisingelitoa mguu wangu nje ya mlango.

Majina ya watu waliokuwamo katika safari ile nnayakumbuka yote, na ya baba zao pia. Sitayaandika. Wengine wana watoto hapa hapa Maskati, na mambo yenyewe si ya kumtundikia mtu jina.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Matrah, nyumba ya vyumba viwili na ua, watu wanne tuliotoka Unguja: mie, mume wangu, mama yangu, na wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu mwenyewe hakuwamo. Siku ile ya Januari, mwaka sitini na nne, alikaa kizingitini akavaa viatu, akasema anakwenda kumtazama rafiki yake Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na hatakawia. Hakurudi. Hatukupata maiti, hatukupata mtu aliyemwona. Tulingoja miezi, kisha tukaja huku, nchi ya babu zetu, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuikanyaga kabla.

Mama hakukubali neno marehemu litamkwe mbele yake. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi, husema wawili, mmoja huyu hapa na mmoja yuko ghaibu. Kwetu hilo ni neno la kila siku. Mtu hayupo, yuko mbali, huna khabari zake, basi yuko ghaibu. Hata aliyekwenda Mombasa akachelewa kuandika barua, mamake atakwambia mwanawe yuko ghaibu.

Aliyekuwa na shida ni wifi yangu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, si mke si mjane. Kadhi alikuwa ameshasema: mke wa mtu aliyepotea atangoja miaka minne, ikitimia bila ya khabari atakaa eda kama mjane mwengine yeyote, na akitoka edani yuko huru. Ikija khabari kuwa yu hai, basi ni mke wa mtu, na ataendelea kungoja. Miaka minne ilikuwa imebakia miezi miwili. Na alikuwapo mtu, muuza nguo wa sokoni, mpole, aliyekwisha kumnong'oneza mume wangu kuwa yeye anangoja pia. Wifi yangu alianza kujipaka hina tena. Mama akaiona ile hina. Wakawa wanakula sinia moja na hawatazamani.

Mama akaniita pembeni akaniambia nikipata khabari yoyote, hata ya mtu aliyesikia kwa mtu, nimletee yeye kwanza. Nikamwahidi.

Mume wangu alikuwa dereva wa kampuni ya mafuta. Jioni moja akaja na maneno ya mwanamke wa kizungu anayetaka mwanamke mwenzake wa kufuatana naye kwenda kupiga picha za mawe. Nikamuuliza mawe gani. Mawe tu, akasema, mawe ya zamani. Mumewe mama yule alikuwa mtaalamu wa mawe wa kampuni, akavunjika mguu, yuko kitandani kambini. Kamwandikia mkewe orodha ya mawe anayoyataka na mahali yalipo, naye ndiye mpiga picha. Ruhusa ya maandishi wanayo. Kiarabu hajui hata kusalimia, lakini alikulia Kenya, Kiswahili anakiweza. Wametafuta mtu wa milimani awaongoze, na huyo anajua Kiarabu chake tu. Mume wangu ataendesha, lakini gari likifika mwisho wa njia haliachwi peke yake, kwa hiyo kwenye kutembea mkalimani ni mie.

"Ni wapi huko?" nikamuuliza.

"Ghubra. Tutarudi jioni."

Basi nikafunga mkate na tende na kipande cha papa mkavu, nikamwambia mama tutaonana magharibi.

Tulipita Wattaya, siku hizo mitende na vumbi, tukafika Ghubra ya pwani jua halijawa kali. Mume wangu akapunguza mwendo. Kiongozi wetu, bwana mmoja mwembamba mwenye ndevu za hina, akamuuliza kwa nini anasimama. Mume wangu akamwambia tumefika. Yule bwana alicheka mpaka kilemba kikamshuka machoni. Hii, akasema, ni Ghubra ya dagaa. Sisi tunakwenda Ghubra ya juu, leo kutwa, na kesho, na kesho kutwa asubuhi inshallah ndiyo tunarudi. Nikamwambia mume wangu anirejeshe nyumbani. Hakunitazama. Akatia gia, tukaendelea.

Kiongozi yule alinifanya dhihaka njia nzima kwa Kiarabu changu. Mie skuli nilifika darasa la tatu, na Kiarabu nilikijua cha chuoni, cha kusomea Kurani, na cha kusikia nyumbani. Mambo ya kutenga maneno ya mwanamke na ya mwanamme hayakuwa yakinijia, maana Kiswahili hakina mambo hayo. Nikimwambia "njoo" namwambia kama anavyoambiwa mwanamke. Naye kila mara hujibu kwa sauti nyembamba, akijifunika uso na kilemba, "Naja, bibi yangu, naja." Hata mume wangu akacheka. Mzungu akauliza tunacheka nini, nikashindwa kumfasiria.

Kiswahili cha mzungu kilikuwa cha kuwaamrisha wapishi. Hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyofundishwa. Kazi yangu kubwa, ilionekana, haikuwa kufasiri. Ilikuwa kusimama. Kila jiwe la orodha alinitaka nisimame ubavuni mwake, ili watu watakaoiona picha wajue ukubwa wa jiwe. "Simama hapa. Tazama ile mlima. Hapana songa." Nikasimama na buibui langu kama nguzo.

Siku ya kwanza yalikuwa mawe meusi, katika wadi moja, bonde lisilo maji. Meusi, ya duara, yamelaliana kama yamepangwa kwa mkono. Mzungu akasema, "Hii yote mito. Moto ilitoka chini ya bahari, ikawa mito." Nikamgeukia kiongozi nikamwambia anasema hapa palikuwa na mito ya maji. Akazungusha macho ukavuni kule, akasema mwambie tuonyeshe tunywe. Mzungu akaona sikufahamu, akaweka viganja viwili shavuni, akafumba macho. Ndiyo nikajua anataka kusema mito ya kulalia. Yale mawe, anasema, wenzi wake huyaita mito ya kulalia, ni moto ulioganda ndani ya maji. Tulicheka sana pale. Lakini nilipoyatazama mara ya pili sikuyapenda. Yalikuwa yamebonyea katikati, moja moja, kama ambayo vichwa vimeinuka juu yake sasa hivi.

Tulilala kijiji cha njiani, na siku ya pili tukaingia Ghubra ya juu.

Huingii kwa kupanda. Unaingia kwa mpasuko wa mlima, kuta mbili ndefu na mbingu ukanda mwembamba juu yako, gari linakanyaga kokoto na mlio wake unakurudia kutoka mbele, kama kuna gari jengine linalokuja. Mume wangu alipiga honi mara mbili kulipisha. Halikuwapo. Kisha kuta zikafunguka, na tukawa ndani ya bakuli. Sina neno jengine. Uwanda mkubwa, na milima imeuzunguka pande zote, mirefu, na mahali tulipoingilia, nilipogeuka, sikupaona tena.

Jambo la kwanza nililolihisi ni sauti. Ukisema neno lilikuwa likikawia. Linakwenda zake, unalisahau, kisha linakujia kutoka upande ambao hukuutazamia. Kiongozi, aliyekuwa haishi kusema tangu Matrah, akapunguza maneno.

Gari likafika mwisho wa njia. Mume wangu akabaki nalo, na sisi watatu tukatembea kama saa nzima mpaka kijiji kidogo chini ya mlima, tukapumzike kabla ya kwenda kwenye mawe. Kiongozi akakaa na wanaume. Mie na mzungu tukaitwa ndani kwa wanawake, tukatiliwa kahawa. Walimzunguka mzungu wakamshika nywele, akawaacha. Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akanikalia mbele akaanza kuniuliza watu wangu kama inavyoulizwa: baba yako, amekufa, mama yako, yu hai, alhamdulillahi, ndugu zako. Nikamwambia nnaye ndugu mmoja mwanamme. Yuko wapi?

Hapo nikatafuta neno. Nilitaka kusema kama anavyosema mama, yuko ghaibu. Nikaona katika Kiarabu lazima lina umbo lake zuri zaidi, nikalipamba, nikasema, "Ndugu yangu mughayyab."

Chumba kilinyamaza. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mapajani kwake. Yule bibi akanisogelea, akanishika goti, na sauti yake ikawa ya kumbembeleza mgonjwa. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia itatimia miaka minne. Akauliza mrefu au mfupi, nikasema mrefu. Akawageukia wenzake wakasemezana, nikakosa maneno mengi. Kisha akaniambia polepole, ili nifahamu.

"Yuko mmoja anaonekana hapa. Si wa kwetu, kanzu yake si ya kwetu. Huja kwenye mawe mageni, jua likisimama juu. Hana analolifanya. Huinama tu, huinama miguuni mwake kama mtu anayevaa kitu."

Sikuwa nimemwambia mtu pale khabari ya viatu. Miaka minne hiyo sikumwambia mtu popote.

Nilimuuliza kama ni mzima. Alisema, "Ukimwona usimwite. Na akikusemesha usimjibu. Ukimjibu, hatakwenda tena kwao wala hatakuja kwako." Akanitilia tena kahawa, akanisukumia tende, akasema kula mwanangu.

Nikatoka pale. Nilikuwa na akili moja tu, kuwa mdogo wangu yu hai. Nilijipangia yote: amekimbia, amevushwa na watu, amefika huku asijue tulipo, labda kwa mashaka aliyoyapata akili imemtoka, ndiyo maana anaranda mawe, ndiyo maana wanasema asisemeshwe. Nilimwona wifi yangu na hina yake, ikanipita moyoni kama sindano, nikaiondoa. Kwanza nimwone.

Mawe yale hayakuwa mbali. Ni jabali moja pana, rangi ya jivu, na ndani yake yamezama mawe mengine ya kila namna, madogo kama ngumi na makubwa kama ng'ombe, mekundu, meupe, ya kijani, hakuna hata moja linalofanana na jirani yake. Mengine yametokeza nusu, na juu yake yana michirizi iliyonyooka, kama yamekwanguliwa kwa kucha. Watu wa pale ndio wanayaita mawe mageni. Mzungu alifurahi. Aliweka kamera yake juu ya miguu mitatu, akaniambia nimwelezee mwenzetu.

"Zamani sana hapa barafu tu," akasema. "Barafu kubwa kama ile mlima. Ilitembea. Pole pole. Ilibeba hii mawe kutoka mbali. Halafu barafu ilikufa, mawe ilibaki."

Nikamfasiria kiongozi. Nilimtarajia acheke, jua lile, barafu. Hakucheka. Alikuwa amesimama karibu ya mzungu, mkoba wa kamera begani, anatazama nyuma yangu na huku nyuma yangu hakuna kitu. Alikuwa ameshaambiwa kijijini khabari ya ndugu yangu, hilo nilikuja kulijua baadaye.

Ilikuwa adhuhuri. Jua juu ya utosi, kivuli changu kimejikunja chini ya miguu. Jiwe la orodha lilikuwa refu kunishinda, jekundu, limetoka jabalini kama mtu aliyeegemea dirisha. Nikasimama mbele yake kidogo, jiwe nyuma yangu.

"Tazama ile mlima. Hapana songa."

Sikusonga. Nilitazama mlima. Upepo haukuwapo, ndege hawakuwapo. Nikasikia kokoto moja inateleza nyuma yangu, kisha sauti, karibu, chini kidogo, sauti ya mtu aliyeinama:

"Shikamoo, dada."

Kwetu mdogo hupita nyuma ya mkubwa wake asimwamkie? Aliniamkia hivyo kila asubuhi tangu alipojua kusema, hata siku ile ya viatu. Na jibu lake ni neno moja, liko ulimini mwa kila mmoja wetu, linatoka lenyewe. Nililihisi linapanda. Nikaubana mdomo. Ni kwa sababu niliambiwa nisisonge, au ni kwa sababu ya yule bibi, au ni khofu tu, sijui mpaka leo. Kamera ikalia. Mzungu akasema, "Maliza," nikageuka.

Jiwe. Nilizunguka nyuma yake, nikatazama mpasuko baada ya mpasuko, hapakuwa na hata alama ya mguu, maana jabali halishiki alama. Mzungu akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia pini ya buibui.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari kiongozi akanisogelea. Safari hii alinisemesha kwa adabu. Akanipa pole kwa ndugu yangu, akasema hata katika ukoo wao alikuwapo mughayyab mmoja, ami yake. Nikamuuliza alipotea wapi. Akanishangaa. Hakupotea, akasema, alizikwa. Ndipo akanieleza. Mughayyab si mtu aliyeko mbali. Ni mtu aliyechukuliwa na wachawi. Watu wake huona amekufa, humwosha, humzika, na kumbe walichozika ni gogo la mtende. Mwenyewe amefichwa, anatumwa, na mara moja moja huonekana na watu mahali pasipo njia.

Nilipofahamu nilichowaambia wale wanawake, nusura nicheke. Basi hiyo ndiyo sababu ya chumba kunyamaza. Nimewaambia mdogo wangu kaibwa na wachawi, nao wakanionea huruma wakanitafutia wa kumwona, kila kijiji kina mughayyab wake. Hakuna khabari yoyote. Ni kosa la neno, kama mito. Nilipumua. Nilitembea hatua kama kumi nimepumua hivyo.

Kisha nikakumbuka kuwa sauti ile haikusema Kiarabu. Ilisema Kiswahili, cha kwetu, cha nyumbani. Kiongozi hakukijua. Mume wangu alikuwa kwenye gari, mwendo wa saa nzima na zaidi. Na mzungu wa watu hakuwa na uwezo wa kulitamka neno lile vile.

Sikumwambia mtu. Tulifika Matrah, mama akaninunia kwa kulala nje bila ya kuaga, nikaomba radhi, yakaisha. Kila siku nilisema leo nitamwambia mama. Nikimtazama wifi yangu nasema kesho.

Wiki zikapita. Filamu zilipelekwa nje kusafishwa, zikarudi zikiwa zimebakia siku chache miaka minne itimie, na mume wangu tayari ameagana na kadhi siku ya kwenda. Akaja na bahasha, picha zangu sita, zawadi ya mzungu. Na akaja na suala la mzungu huyo: anauliza yule mwanamme aliyesimama na wewe ni nani, maana yeye hakumwona.

Ilikuwa ni ile ya jiwe jekundu. Mie niko mbele, buibui, natazama mlima. Nyuma ya bega langu la kushoto, pale jiwe linapokutana na jabali, yuko mtu. Ameinama. Uso hauonekani, unaona mgongo mweupe wa kanzu, na mkono mmoja unaokwenda chini. Mume wangu akasema ni kiongozi. Nikamwambia kiongozi alikuwa ubavuni mwa kamera. Akaigeuza picha huku na huku, akasema basi ni jua, mawe meupe yale, jua linafanya mambo. Akaenda kunawa.

Wifi yangu alikuwa ananipepetea mchele pale pale. Akanyoosha mkono nikampa, nisingeweza kumnyima. Aliitazama kwa muda, kisha akaiweka sakafuni, uso chini.

"Wifi," akasema, "kama ni yeye, niambie. Nitangoja. Wallahi nitangoja mpaka nizeeke, wala sitamlaumu mtu. Lakini niambie wewe kwa mdomo wako. Usiniambie kwa karatasi."

Nikamwambia sijui. Hilo lilikuwa kweli. Akachukua ungo akaendelea kupepeta, na hakuinua uso tena.

Nikampelekea mama. Nilikuwa nimeahidi. Nilimsimulia kijiji, na bibi, na kosa la neno, yote mpaka kwenye jiwe. Akaichukua picha akaenda kukaa mlangoni penye mwanga. Aliiangalia kwa karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Nilisimama nyuma yake, nikijua litakalotoka kwenye mdomo ule ni neno moja tu. Akisema ni yeye, kadhi ataambiwa iko khabari, na yule mtoto wa watu kule uani ataanza kuhesabu miaka upya, kwa ajili ya mgongo wa kanzu.

"Wewe ulisimama hapa?" akauliza mama.

"Hapo."

"Naye hapa. Nyuma yako. Mnakaribia kugusana."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Alikwambia nini?"

Hakunigeukia. Alikuwa ameweka kidole chake juu ya ule mgongo, akiupapasa kidogo, kama anafuta vumbi. Uani nilisikia ungo umesita.

"Hakuniambia kitu, mama."

Kisha akaondoa kidole.

"Basi si yeye," akasema. "Mwanangu hapiti nyuma ya dada yake asimwamkie. Hata awe nani, hata wamfanye nini, hilo lisingemtoka." Akanirejeshea picha bila ya kuitazama tena. "Mwambie mumeo akamwambie kadhi, hakuna khabari."

Picha nilimpa mume wangu airudishe kambini, naye akasema ameirudisha. Wifi yangu aliingia edani wiki ile ile, akavaa nyeupe, akakaa miezi minne na siku kumi yake, na mwaka ule ule akaolewa na mtu wake. Amezaa watoto sita. Watatu nimewapokea kwa mikono yangu.

Khitma ilisomwa nyumbani kwetu Matrah, Ijumaa baada ya swala. Wanawake walijaa ndani mpaka uani, wengine hatukuwajua. Jirani mmoja, mgeni, akamuuliza mama khitma hii ni ya nani. Mama akamjibu kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mtu nyumba, "Ya marehemu mwanangu." Mie nilikuwa nagawa kahawa. Nikamtilia jirani, nikamtilia mama, nikaenda kwa wa tatu.